Miavuli Niliyoikunja Nikimlea Salima

Ninyi vijana mlioachiwa meza yangu, kwanza futeni mikono. Nawajua, mtasoma huku mnakula mihogo ya kukaanga, na karatasi hii ikipata mafuta hamtaishika mara ya pili.

Mmoja wenu, sitamtaja, alinijia wiki yangu ya mwisho kambini akiwa na barua ya kuacha kazi mkononi. Mwanawe ameambiwa hospitali kwamba ana mtindio wa ubongo, kama Salima wangu. Akaniuliza, "Mama, uliwezaje kuruka na ndege miaka yote ile na mtoto wa namna hii nyumbani?" Nilikuwa nakabidhi stoo, tena vifaa vilikuwa havijatimia kwenye hesabu, nikamjibu, "Ikunje hiyo barua, nitakuandikia." Ndiyo hii. Nimesoma hadi darasa la saba kule Mgeta, na enzi zetu tulilima shamba la mwalimu kuliko tulivyoshika kalamu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa. Wala msitafute habari za vyeo. Cheo cha mtu kinasomeka begani, hakihitaji kuandikiwa.

Nilianza jeshini na cherehani. Nilishona vifungo, nilipunguza suruali, nilitia viraka kwenye magodoro. Sikuwa na shida. Siku moja wakahitaji mtu wa kuziba matundu ya panya kwenye miavuli ya kurukia, ile ambayo wengine huita parachuti, nikapelekwa banda la pili. Nikakuta meza ndefu kuliko msikiti wa kwetu, sakafu inang'aa, na mzee mmoja mwembamba amesimama peku. Ndiye Sajenti Kasubi, Mnyamwezi wa Tabora, aliyenifundisha kila ninachokijua kuhusu kitambaa na kamba. Mlimkuta picha tu ukutani.

"Wewe Mluguru?" akaniuliza.

"Ndiyo, afande."

"Afadhali. Ninyi mnaanguka milimani tangu mkiwa watoto. Hapa utajifunza kuanguka polepole."

Wanyamwezi ni watani zetu, sikuweza kunyamaza hata kama yeye ni mkubwa wangu. Nikamwambia, "Na ninyi mlibebea watu mizigo hadi pwani, ndiyo maana mmepewa kazi ya kufungasha."

Hakucheka. Mdomo ulisogea kidogo upande mmoja, basi. Akasema, "Vua viatu. Kata kucha. Rudi."

Kucha zilinichukua siku nzima kuelewa. Kitambaa cha mwavuli ni chepesi, ukucha mmoja wenye ncha unavuta uzi, na uzi mmoja ukivutika leo kesho ni tundu. Mpaka leo nikishikana mkono na mtu naangalia kucha zake kabla ya uso. Hata mkwe wangu nilimpima hivyo.

Kasubi alinifundisha kwa kurudia. Kamba ishirini na nane, zipite kwenye vidole moja moja. Vipande vya kitambaa vilale upande huu na upande huu kama kurasa za msahafu. Vifuko vya mchanga vya kubania kitambaa vihesabiwe kabla na baada, kwa sababu kifuko kikisahaulika ndani, mtu ataruka na kilo moja ya mchanga na mwavuli usiofunguka. Mipira ya kushikia kamba ikilegea itupwe, usiionee huruma. Ukimaliza, andika jina lako kwenye kadi kwa mwandiko unaosomeka, maana anayerukia mwavuli ule ana haki ya kujua nani wa kumlaumu. Nilimuuliza atamlaumuje akiwa amekwishaanguka. Akasema, "Wewe andika."

Na kulikuwa na sheria mbili ambazo hazikuandikwa popote wakati ule. Ya kwanza: mkunjaji akisemeshwa katikati ya kazi, hata na mkuu wa kikosi, hata kama nyumba inaungua, afungue mwavuli wote aanze upya. Mikono inaweza kuendelea yenyewe lakini akili imetoka nje, na hakuna anayejua ilitoka kwenye kamba ya ngapi. Ya pili: mkunjaji naye huruka. Haruki na mwavuli anaoutaka. Mtu mwingine ananyoosha kidole kwenye rundo la miavuli uliyoikunja, anasema, "Vaa ule."

Nilipoambiwa hiyo ya pili nilikuwa nimekwishakunja arobaini. Nililala nikiikumbuka yote.

Mruko wangu wa kwanza, sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Niliingia kwenye ndege nikiwa nimeshika mkanda wa jirani yangu, koplo mmoja wa Singida, na nilipoambiwa nimwachie nilimwachia kidole kimoja kimoja. Mlango wa ndege hauna adabu. Uko wazi tu, upepo unakuvuta nguo kama mlevi. Kasubi alisimama pale akiwa na kamba za kufungulia miavuli yetu mkononi.

"Mwanaidi, umeukunja wewe mwenyewe huu."

"Najua, afande! Ndiyo maana naogopa!"

Wakacheka wote kwenye ndege, na katikati ya kicheko akanisukuma. Nikasoma bismillahi nusu, nusu ya pili niliisoma mwavuli umekwishafunguka. Kukawa kimya. Hapo ndipo nikaiona milima yetu ya Uluguru. Maisha yangu yote nilikuwa naitazama kwa kuinua shingo, na sasa tulikuwa tunatazamana kama watu wazima. Niliona matuta ya kabichi ya Mgeta yamepangwa kama mistari ya daftari. Nilitafuta paa la mama yangu, sikulipata, lakini nilipunga mkono upande ule. Nikacheka peke yangu angani kama mwehu. Mwenye kutaka kujua kwa nini sikuiacha kazi hii, jibu ni hilo. Niliipenda. Mwanamke haruhusiwi kusema hivyo kuhusu kazi, inabidi aseme anafanya kwa ajili ya watoto. Mimi nasema niliipenda.

Mtoto wangu wa kwanza, Rehema, alikuwa darasa la pili Salima alipozaliwa. Salima alichelewa kulia. Wakunga walimpiga mgongoni, wakamnyonya pua, akalia baadaye sana, na sauti ilikuwa ndogo. Miezi sita shingo haijakaza. Mwaka mmoja hajakaa. Mkono wa kulia aliukunja kifuani kama kuku aliyefungwa bawa. Daktari akanieleza vizuri, bila kunificha: ubongo ulikosa hewa, hautapona, lakini mtoto atajifunza, polepole, na mazoezi ndiyo dawa. Nikamuuliza polepole kiasi gani. Akasema, "Mama, wewe unafanya kazi gani?" Nikamwambia nakunja miavuli ya kurukia. Akasema, "Basi uvumilivu unao."

Mume wangu Athumani alikuwa dereva wa lori la mboga, Mgeta na Dar es Salaam, siku tatu nyumbani, siku nne njiani. Ni mtu wa kucheka. Siku niliyomletea habari ile hakucheka. Alimchukua mtoto, akamweka kwenye kifua chake, akakaa naye barazani hadi chai ikapoa. Kisha akasema, "Huyu atapanda lori na mimi." Tangu siku hiyo, mtu akisema mkosi, akisema umechezewa, akisema kazi ya kuruka na mimba ndiyo imeleta haya, na sikuruka na mimba hata siku moja, Athumani alikuwa anamjibu, "Sogea upande huo, unaniziba upepo."

Mwaka wa nne Salima alikuwa anakaa lakini hasimami. Miguu ilikuwa na nguvu, mizani ndiyo hakuwa nayo. Kila nikimshika kwapani mgongo wangu ulikuwa unalia kabla yake. Sasa, mnajua kwamba mikanda ya miavuli ikizeeka hukataliwa, inahesabiwa na kuchomwa moto. Siku ya kuchoma nikamwendea Kasubi.

"Afande, naomba vipande vinne vya mkanda uliokataliwa."

"Vya nini?"

"Vya mtoto."

Akanitazama. Aliandika kikaratasi cha ruhusa, akapeleka kusainiwa mwenyewe, na aliporudi alikuwa ameniongezea pete mbili za chuma. Nikashona fulana ya mikanda kwa cherehani kubwa ya banda, mshono wa mara nne, ule ule unaobeba askari na bunduki yake. Nyumbani Mwembesongo tukafunga waya kutoka mpera hadi nguzo ya jiko, pete ikateleza kwenye waya, na Salima akaning'inia chini yake, nyayo zikigusa ardhi. Akisogea, pete inasogea. Akianguka, haanguki.

Majirani walikuja kutazama. Mmoja akasema, "Mwanaidi, umemfunga mtoto kama mbuzi."

Nikamwambia, "Mbuzi hufungwa asiende. Huyu nimemfunga aende."

Na alienda. Alipiga kelele za furaha tangu mperani hadi jikoni, jikoni hadi mperani, mpaka ua wetu ukawa na njia kama ya ng'ombe. Alipotimiza miaka mitano na nusu nilikuwa napepeta mchele, nikamwona amefika jikoni. Nikatazama waya, hakuna pete. Hakuwa amevaa mikanda. Alikuwa amechoka kunisubiri nimvalishe. Mchele ule tuliula na mawe yake, sikuupepeta tena.

Mtaniuliza nani alikuwa naye nikiwa kazini. Rehema alipokuwa shuleni, alikuwa naye Mama Joni, jirani yetu ukuta kwa ukuta, Mhehe wa Iringa, Mkristo safi, mkali kuliko mimi. Baadaye Salima alipopata nafasi kwenye darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, Mama Joni ndiye aliyemchukua saa saba mchana. Siku za mazoezi ya kuruka nilimwambia mapema. Siku nikichelewa alinigombeza mlangoni kama vile mimi ndiye mtoto. Nawaambia ninyi wenye watoto kama hawa: msitafute mtu mpole. Tafuteni mtu mkali anayempenda.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Salima alikuwa na miaka tisa. Kesho yake kulikuwa na zoezi kubwa, na nilikuwa na miavuli saba ya kukunja siku ile. Simu hatuingii nazo bandani, mnajua. Karani wetu akaja mlangoni, akasema kwa sauti, "Mwanaidi, wamepiga simu kutoka nyumbani. Mtoto haonekani."

Mama Joni alikuwa amechelewa zahanati na Salima alikuwa ametoka mwenyewe getini mwa shule.

Nilikuwa na mwavuli wa mwisho mezani. Nilipaswa kuuacha pale wazi na kuondoka, au kuufungua. Sikufanya hata moja. Nilimaliza. Mikono ilimaliza, nikafunga, nikaandika jina, nikaupachika kwenye rundo pamoja na wenzake, nikakimbia.

Tulimtafuta Mwembesongo yote. Msikitini wakatangaza, mtoto wa kike, amevaa sare, mkono wa kulia umekunjamana. Mama Joni alipita nyumba kwa nyumba akilia na kutukana kwa Kihehe. Alasiri Athumani akapigiwa simu na dereva mwenzake kutoka Mlali. Yule bwana alikuwa anarudi Mgeta na lori tupu, akasimama Mlali kunywa chai, akasikia mtu anaimba nyuma kwenye matenga. Akapanda kuangalia. Salima yumo, amekaa juu ya gunia, anakula karoti iliyosahaulika. Lori lilikuwa la bluu kama la baba yake, na yeye aliambiwa tangu mdogo kwamba atapanda lori na baba.

Alirudi kabla ya magharibi. Nilimkumbatia, nikamgombeza, nikamkumbatia. Yeye akaniambia, kwa yale maneno yake mazito yanayotoka moja moja, "Mama. Lori. Tamu."

Alfajiri nikiwa kwenye rakaa ya pili ndipo mikono yangu ikanikumbuka. Nilimaliza sala sijui nilisoma nini. Ni mwavuli upi ulikuwa mezani nilipoitwa? Nilijaribu kuuona. Nilimwona karani tu mlangoni. Miavuli saba, mwandiko mmoja, na saa ile ilikuwa inapakiwa garini kwenda uwanjani.

Nilifika uwanjani ndege imekwishawashwa. Vijana wamepanga mstari, miavuli mgongoni. Nilipita mbele yao hadi kwa mkuu wa kikosi, nikapiga saluti, nikasema, "Afande, kuna miavuli saba yenye jina langu. Mmoja nilisemeshwa katikati na sikuufungua. Siujui ni upi."

Akatazama saa. Akatazama ndege. Wageni walikuwa wamekaa kwenye hema wakisubiri. Nikajua kazi yangu imekwisha, na kwa kweli niliona sawa. Akaita, "Kasubi! Wavue hiyo saba."

Iliwekwa kwenye turubai, juani, tukaifungua mmoja mmoja watu wote wakitazama. Wa kwanza mzima. Wa pili mzima. Nilikuwa nikihesabu kamba kwa sauti. Wa tano, wa sita. Wa saba mzima kama wenzake. Nisameheni, lakini nilitamani upatikane hata mmoja wenye kasoro, nisionekane mjinga mbele ya wageni.

Kasubi akasema, "Sasa kunja. Hapa hapa."

Nikakunja saba kwenye turubai, vijana wamenizunguka. Halafu mmoja, yule ambaye mwavuli wake ulikuwa mkononi mwangu, akasema, "Mama, polepole tu. Mimi sina haraka hata kidogo." Mwingine akadakia, "Mama, ukihitaji kumaliza kesho tutakuelewa." Wakaangua kicheko, na mimi siwezi kusemeshwa katikati, kwa hiyo nikafungua nikaanza upya, wakacheka zaidi, mpaka Kasubi akawafukuza hatua ishirini. Nilipomaliza, mkuu wa kikosi akanyoosha kidole kwenye mmoja. "Mwanaidi, vaa ule. Utatoka wa kwanza." Nikatoka wa kwanza. Adhabu nyingine nilipewa, zamu za lindo, sikuzihesabu. Kazi haikuondoka.

Lakini habari za karoti zilipanda mlimani na lori lile lile, zikafika Mgeta kabla sijapumua. Siku ya tatu kaka yangu Shomari akateremka. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake kuliko baba. Shomari ni mkubwa wangu kwa miaka sita, ana kofia moja aliyonayo tangu aoe, na akiivua ujue anasema kama mjomba.

Akaivua.

"Shikamoo kaka," nikasema.

"Marahaba. Mwanaidi, nimekuja na lori. Uchague. Uache hiyo kazi ya kutupwa na ndege ukae na mtoto, au mtoto apande na mimi akae kwa mama. Kule hakuna magari."

"Kule kuna maporomoko, kaka."

"Usinichekeshe. Mtoto wa ukoo ameokotwa Mlali kama kabichi."

Athumani alikuwa kimya, na alikuwa sahihi kukaa kimya, kwa sababu mume kwetu kwenye neno la mjomba ni mgeni. Nilimpakulia Shomari chakula, nikafikiri. Nikiacha kazi, nitakaa na Salima nikimtazama, naye ananitazama, mpaka mmoja wetu azeeke. Akienda Mgeta, mama atambeba mgongoni kwa mapenzi, na miguu ile iliyotembea itasahau. Nikamwambia, "Jumamosi familia zinakaribishwa kambini kutuona tukiruka. Njoo na Salima. Baada ya hapo useme neno lako, nitalifuata."

Alikubali. Mjomba mwenye haki hukubali kuona kwanza.

Jumamosi hiyo mimi nilikuwa juu, kwa hiyo haya nawaeleza alivyonisimulia Mama Joni, na Mama Joni haongezi chumvi. Watu kumi na wawili tulitoka kwenye ndege. Miavuli ya rangi moja, nguo za rangi moja, kofia za chuma, kutoka chini tulikuwa kama mbegu za pamba. Shomari akamwambia Salima, "Haya, mama yako yuko wapi? Hata wewe hujui. Anaweza kuwa yeyote."

Salima akainua ule mkono wake wa kushoto. "Yule."

"Yule wapi? Yule ni mwanamume, ona alivyo mkubwa."

"Yule mama."

"Wa tatu? Hapana, mwanangu. Labda yule wa mwisho."

"Yule!" Akakasirika, akampiga mjomba wake kwenye goti.

Nilitua, nikaviringisha mwavuli, nikavua kofia, nikaja. Wa tatu nilikuwa mimi. Shomari aliniangalia kama aliyeona mazingaombwe. Akainama kwa Salima. "Umemjuaje?"

Salima akaweka maneno yake moja moja, tukasubiri. "Mama. Anapiga. Mateke. Kitandani."

Ni kweli. Tulilala kitanda kimoja Athumani akiwa safarini, na mimi usingizini napiga mateke. Angani vilevile, mwavuli ukifunguka tu miguu yangu inacheza. Kasubi alikuwa amenikemea miaka yote bila mafanikio, na watu wazima wote uwanjani hawakuwahi kuona kwamba ni alama. Shomari alicheka mpaka kofia ikaanguka, akaiacha pale chini, akacheka tena. Alipopata pumzi akaiokota, akaikung'uta, hakuivaa.

"Abaki," akasema. "Naye anakujua kuliko mimi. Endelea kutupwa. Ila akikua, mwali tumtoe sisi, kule kwetu, kama wasichana wote."

Na alitolewa. Kulikuwa na shangazi waliosema, kwani huyu ataolewa na nani hata mtoe mwali? Shomari akavua kofia, wakanyamaza. Salima alikaa ndani muda wake, akafundwa kwa subira na mama yangu mzee, na siku ya kutoka akapakwa mafuta, akabebwa mabegani kwenye zile njia za mteremko za Mgeta, ngoma mbele, vigelegele nyuma. Mkono mmoja ulikuwa umekunjika, wa pili ulikuwa juu. Mimi nimeshuka kutoka angani mara nyingi ambazo kadi ndizo zinazozijua. Sijawahi kuona mtu aliyekaa juu vizuri kama alivyokaa yeye siku ile.

Baada ya hapo miaka ilikwenda. Kasubi alistaafu, akafa Tabora, nikashika meza. Mkaja ninyi. Rehema aliolewa, akaleta mume na watoto, nyumba ikajaa. Salima akiwa na miaka ishirini alipata kazi kwa mama mmoja mfanyabiashara wa Mwembesongo anayepokea karoti za mlimani. Kazi yake ni kuchambua: kubwa huku, ndogo huku, zilizovunjika kwenye ndoo. Anatumia mkono mmoja na kifua, na hakosei. Ana aproni yake ya kijani. Anaondoka saa moja kasoro, anarudi saa nane, na akirudi anataka kuulizwa za kazini.

Nimefika kwenye wiki ile niliyostaafu. Mlinifanyia sherehe, nawashukuru, ingawa keki ilikuwa na sukari nyingi. Kesho yake niliamka saa kumi na moja kwa mazoea, nikakumbuka sina pa kwenda, nikarudi kulala kwa kujilazimisha. Nilipotoka jua limekwishapanda. Salima alikuwa amekaa kwenye kizingiti, aproni imefungwa, viatu vimefungwa, chai mbele yake haijaguswa, imeweka ngozi juu.

"Kwa nini hujaenda kazini?" nikamuuliza.

Alinyoosha kidole ndani ya nyumba.

Rehema akatoka anafuta mikono kwa kanga, ana furaha usoni. "Mama, nilitaka kukushtua. Nimemwambia yule mama wa karoti Salima hatakuja tena. Sasa wewe uko nyumbani, unaye mtu wa kukaa naye, na yeye anaye wa kumwangalia. Mmeteseka vya kutosha nyote wawili. Pumzikeni."

Hakuwa na nia mbaya. Ni mwanangu, aliacha kucheza ili amshike mdogo wake tangu ana miaka minane. Lakini nilimtazama Salima na aproni yake, nikaona kwamba lile neno nililoletewa na lori miaka ile, la ama kazi ama mtoto, limerudi nyumbani kwangu, na safari hii halikuja kwangu, limemwendea yeye. Amefanya nini? Mimi ndiye niliyestaafu.

Nikawaita wote barazani. Rehema, mumewe, wajukuu watatu, na Athumani ambaye alitaka kujifanya hasikii, nikamwamuru asogeze kiti. Nikasema nao nikiwa nimesimama.

"Rehema, vaa viatu sasa hivi, nenda kwa yule mama wa karoti, mwambie ulikosea. Usitume mtu. Kuanzia kesho, asubuhi, Salima ale kwanza kabla ya watu wote, kwa sababu anakwenda kazini. Uji wake uwe wa moto. Ninyi watoto, akirudi saa nane mpisheni kwenye kiti, mmuulize kazi ilikuwaje, na msubiri amalize kusema. Baba Rehema, usimfuate nyuma njiani, nakujua. Na mimi niachieni ufagio, nitafagia uwanja."